Neno la Kumalizia Mchezo

Kengele ya mapumziko ilipolia, mwalimu wa darasa la tatu alitoka mbio kuwatangulia wanafunzi wake. Mkuu wa shule alikuwa amempa mpaka jioni: ama ampate mwenye lile neno, ama lipigwe marufuku.

Neno lenyewe lilikuwa "Tarumbe". Watoto walilipigia ukelele kila mchezo wa kujificha ulipokwisha, na hapo hata aliyejificha vizuri kuliko wote alijitokeza. Walilikuta kwa kaka na dada zao, nao hao walilikuta kwa wengine. Juzi mzazi mmoja alikuja amefura. Kwa lugha ya kwao, alisema, hilo ni tusi la nguoni.

Shule ile ilikuwa na lugha nyingi kuliko madarasa, na mwalimu aliamini kila neno lina kwao. Akaanzia jikoni.

"Si letu hilo," mpishi alisema bila kuacha kukoroga. "Sisi hata hiyo r hatuna. Waulize watu wa mtaa wa kiwandani."

Baba mmoja wa mtaa wa kiwandani alikuwa getini, amemletea mwanawe sweta. "Letu? Mwalimu, miaka yote nilidhani ni la kina mpishi."

Mwalimu wa michezo naye aliapa kuwa ni tarumbeta iliyokatika mkia.

Mwalimu wa darasa la tatu hakucheka. Darasani kwake kulikuwa na msichana mgeni ambaye, tangu ahamie, hakuwa ametamka kitu shuleni ila neno hilo. Likipigwa marufuku, atabaki na nini?

Ilibaki nyumba moja tu, ile iliyopakana na uzio. Bibi wa pale alikuwepo tangu shule ni chumba kimoja na mashimo ya msingi, nyuma yake pori tupu. Walimu walimwogopa. Kila mapumziko alifungua dirisha kwa kishindo, akasimama pale, uso umekunjamana, mpaka kengele ya kurudi darasani. Binti yake alimbembeleza kila mara ahamie kwake, kwenye utulivu. Hakutaka.

"Shikamoo, bibi," mwalimu alisema kutoka mlangoni.

"Marahaba. Sema haraka, hawajamaliza kucheza."

"Najua makelele yanakusumbua. Nitawanyamazisha. Ila kwanza, lile neno wanalolipigia kelele, unajua ni la lugha gani?"

Bibi hakumtazama. Macho yake yalikuwa nje, yakiruka kutoka nguzo hadi nguzo, kutoka kichaka hadi kichaka.

"Lilikuwa refu," alisema. "Watoto wa mwanzo walitoka kila pembe, hata kusalimiana hawajui. Ndimi zikawashinda, wakalikata kichwa na mkia."

"Kwa hiyo si tusi?"

"Nani kasema tusi?"

"Mzazi mmoja. Mkuu anataka kuwakataza kuanzia kesho."

Mkono wa bibi ulishika ukingo wa dirisha. Nje, sauti zikapanda kwa pamoja, za watoto wa kila lugha, na ya yule msichana mgeni juu ya zote: "Tarumbe-ee!"

Bibi alisikiliza mpaka uwanja ukatulia, kisha akasikiliza tena, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

"Ukiwakataza, mwalimu," akasema, "nani atamwita mwanangu atoke alikojificha?"