Ndoo ya Ghorofa ya Nne

"Daktari wa kunishika uongo mimi hajazaliwa!" fundi rangi alijigamba, mguu mmoja tayari kwenye ngazi za hospitali.

Mfagizi aliegemea fagio lake, akamsikiliza. Mama mnene, mpole, wa kuambiwa siri zote.

Saratani ya tezi dume ya fundi ilikuwa bado haijasambaa. Upasuaji ungeweza kuimaliza. Ila kisu alikiogopa kuliko saratani yenyewe. Shida ni kwamba alishamwahidi mkewe: daktari akimwona anafaa, atapasuliwa, hakuna maneno. Na daktari alichagua tu wenye moyo na mapafu ya kuhimili.

"Kwa hiyo leo mimi mahututi," alisema akicheka. "Nitakohoa mpaka nionewe huruma."

"Makubwa! Basi kaka yangu, kabla hujawa mahututi, nipandishie hii ndoo ghorofa ya nne. Lifti ndiyo hiyo, mbovu."

Kweli, kibao cha MBOVU kilikuwa kimepauka kwa uzee, ingawa kitufe cha lifti kiling'aa kwa kubonyezwa.

Ndoo ilikuwa imejaa pomoni. Fundi aliinyanyua kama kikombe cha chai, akaruka ngazi mbili mbili, mluzi mdomoni. Huko juu aliitua mlangoni kwa daktari, akakunja mgongo, akaanza kuchechemea.

Mkewe alikuwa ameshakaa ndani.

"Ngazi unapanda, mzee?" daktari aliuliza.

"Ngazi?" Fundi alikohoa mpaka kiti kikatikisika. "Nimebebwa, daktari."

"He! Jana si ulikuwa juu ya paa wewe?" mkewe akamaka.

"Jana ni jana, mke wangu. Leo nimekwisha."

Macho ya mkewe yakalengwa na machozi. Daktari aliinua kalamu, lakini hakuandika. Alitazama mlango.

Mfagizi akaingia. Hakuwa na jasho, wala hakutweta.

"Lita kumi na tano, daktari. Ghorofa zote nne hakupumzika, na mluzi hakuukata. Ugonjwa umemwanzia hapo mlangoni."

"Jumatatu, saa moja asubuhi," daktari alisema, akiandika.

Fundi alisahau kukohoa.

Mfagizi alibeba ndoo yake, akamwaga maji yote kwenye sinki la ukumbini, akabonyeza kitufe cha lifti. Mlango ukafunguka. Chini kulikuwa na mgonjwa mwingine.