Uzi Mwekundu wa Semet

Saa tatu asubuhi Semet alikuwa mwokaji mikate. Saa nne na nusu alikuwa muumini msikitini. Kufikia saa saba mchana alitakiwa awe mwenye nyumba, tena mwenye furaha, na mke pia.

Msishangae. Serikali iliyowazoa wanaume wa mtaa mzima hapa Kashgar na kuwafungia mahali inapopaita shule, siku ya wageni ilijikuta haina wanaume wa kuonyesha. Waliobaki wakagawana kazi. Semet, kwa kuwa sura yake inapendeza kwenye picha, akapewa tatu. Basi la wageni lilipita barabara kuu polepole, likionyeshwa maua, naye akapitishwa vichochoroni ndani ya gari la mboga, akibadili kofia huku akirushwarushwa juu ya magunia.

Aliyesimamia mchezo wote huo alikuwa Afisa Kou, mtu wa daftari na kalamu. Kila kituo alimkagua Semet kuanzia kofia hadi mkanda. Chini ya hapo hakuangalia. Bwana mkubwa ainame kutazama miguu ya mwenyeji, Muuyghur? Thubutu!

Na huko chini ndiko Semet alikoweka matumaini yake yote. Buti zilikuwa zilezile vituo vyote vitatu, na ile ya kushoto alikuwa ameifunga kwa uzi mwekundu wa kutarizia, uzi wa mkewe Hornisa. Hornisa alichukuliwa miaka miwili na miezi minne iliyopita. Kila Semet alipouliza, aliambiwa mkewe anasoma. Anasoma nini, mtu mzima wa miaka arobaini na moja? Na akizidi kuuliza, atapelekwa kusoma yeye mwenyewe. Basi alitaka jambo moja tu: mgeni mmoja ang'amue kwamba mwokaji, muumini na mwenye nyumba ni mtu yuleyule, amsogelee, naye amnong'oneze jina la Hornisa likatajwe huko ambako wakubwa watalazimika kujibu.

Wageni walikuwa saba, wametoka nchi zinazojiita macho ya dunia. Macho gani hayo! Pale dukani kiongozi wao, Bwana Verhelst, alimega mkate, akatafuna, akatangaza kwamba watu wanaooka mkate mtamu kiasi hiki hawawezi kuwa wanaonewa. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, midomo imejaa.

Ila kulikuwa na Dakta Ingeborg. Mama huyo mwembamba alisomea lugha ya Kiuyghur chuo kikuu na aliizungumza kama mzaliwa. Hakula. Aliweka kiganja juu ya tanuri.

"Afisa, mkate wa moto unatokaje kwenye tanuri la baridi?"

Kou akafungua daftari, akaandika.

Msikitini wanaume walivua viatu mlangoni. Dakta Ingeborg alisimama pale, akaitazama ile safu ya viatu kwa muda mrefu, kisha akaingia akagusa zulia kwa ncha ya kidole.

"Hili bado lina mikunjo ya dukani. Watu wenu wanasali huku wanaelea?"

Kou akaandika, jasho likimchuruzika. Semet alikuwa kwenye sijda na alisikia kila neno. Akasahau anachosoma.

Saa saba nyumba ilikuwa tayari: pilau ya kondoo, tikiti lililokatwa, na kando ya Semet mwanamke aliyekutana naye asubuhi hiyohiyo, ambaye Semet aliamriwa amwite "mke wangu". Buti zake Semet aliziacha kizingitini. Dakta Ingeborg alipoingia alizitazama buti, akamtazama Semet, halafu akaketi.

"Dakta, unatutia aibu," alilalamika Bwana Verhelst. "Wenyeji wanatukirimu, wewe unapekuapekua kama askari!"

"Kwani wewe utaandika nini? Kwamba ulishiba?"

"Nitaandika nilichokiona. Nimeona watu wanacheka."

"Basi bunge la kwetu litakucheka na wewe. Linasubiri ripoti hii kabla ya kupitisha mkataba wa reli na serikali hii. Ripoti ya shibe nani ataiamini?"

Verhelst alinuna, akajiongezea nyama. Dakta Ingeborg akamgeukia Kou.

"Nyumba ya mke na mume haina hata picha moja ya harusi?"

Kou aliandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Wakati wa kuagana Semet alivaa buti zake, akasimama mlangoni. Wageni wakampa mikono mmoja mmoja, mikono inayonuka mafuta ya pilau. Dakta Ingeborg alikuja wa mwisho. Aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Kaka," alisema kwa Kiuyghur, sauti ya chini, "huo uzi mwekundu nimeuona tangu kule dukani."

Hatimaye, mtu mwenye macho! Maneno aliyoyakariri kimyakimya wiki nzima yakamtoka kwa pumzi moja.

"Mke wangu ni Hornisa. Walimchukua kutoka nyumbani kwetu. Huyu aliye ndani simjui. Mtaje, dada yangu, nakusihi, taja jina lake popote utakapokaa na wakubwa."

Dakta Ingeborg alimfinya mkono kwa upole, akauachia. Kisha akamgeukia Afisa Kou, ambaye daftari lake lilikuwa limeshafunguliwa.

"Na kosa la nne ni viatu," alimwambia. "Mpeni vingine kabla ya Alhamisi. Wageni wa Alhamisi si marafiki zenu kama mimi."