Kipimo cha Tatu

Mfuko wa nne wa mchanga uliingia kwenye buti kwa shida. Mzee Gia akasimama kidogo, mkono kiunoni, akisubiri mgongo wake urudi mahali pake. Gari lilikuwa jipya hata viti vyake bado vimevaa nailoni. Alifunga buti taratibu, akachuchumaa, akaanza kupunguza upepo wa tairi, moja baada ya nyingine, akiusikiliza mluzi wake kama mtu anayesikiliza siri yake ikivuja.

Miaka thelathini na mmoja aliendesha malori ya watu, na hakuna tajiri aliyewahi kumshika kwa tone la dizeli. Wenzake walimwita Gia kwa sababu, walisema, angeweza kupanda mlima kwa mafuta ya kibatari. Leo alikuwa akiutumia ujuzi uleule, kinyumenyume.

Gari lenyewe lilikuwa la majaribio. Binti yake, mpima damu wa zahanati ya mtaani, alilipenda alipoliona dukani: krosova, si gari dogo la kutambaa wala si gari kubwa la kupasua misitu. Muuzaji, kijana mwenye tai fupi na maneno marefu, aliapa kwamba halili mafuta, linanusa tu. Kitabu chake kilidai kilomita kumi na nane kwa lita. Binti akamwambia vitabu huandikwa na wanaouza. Akauliza habari za milimani, akauliza taa zinamulika hadi wapi gizani, akauliza tena, mpaka muuzaji akachoka na kumpa ofa: alichukue siku tano alipime mwenyewe. Likishuka chini ya kumi na tano, alirudishe, na malipo yake ya awali atarudishiwa yote.

"Baba atalipima," binti alisema. "Namwamini kuliko hicho kitabu."

Kazi mpya ya binti ilikuwa kwenye hospitali kubwa, kilomita sabini kutoka nyumbani, milima miwili katikati. Tangu mama yake afariki, nyumba ile ilikuwa na sauti mbili tu za kumjibu mzee, ya redio na ya binti, na redio haikumjibu vizuri. Alimuuliza mara moja tu kuhusu kazi hiyo, wakiwa jikoni wanamenya viazi.

"Gari ndilo litakaloamua, baba," binti alisema. "Likila kidogo, mambo yetu yamenyooka."

Mzee hakuuliza zaidi. Angesema nini? Mtoto uliyemsomesha kwa usukani huwezi kumwambia asifike. Neno "usiende" alilimeza, akaendelea kumenya viazi.

Siku ya kwanza alilipima kwa haki. Alijaza tangi hadi pampu ikakatika yenyewe, akaenda hadi lango la hospitali, akarudi, akajaza tena kwa fedha zake, akagawanya. Kumi na saba. Alikaa nyuma ya usukani mpaka muuza mafuta akagonga kioo kumuuliza kama amelala au amefilisika. Jioni alimwambia binti kwamba siku hiyo alikuwa akilizoea gari tu.

Kesho yake ndipo mchanga ulipoanza. Palipotaka gia ya nne alitia ya pili. Kiyoyozi alikifungulia mpaka mwisho na vioo akaviteremsha. Alipofika hospitalini aliegesha mbele ya lango, akaacha injini ikinguruma saa mbili nzima, huku akiwatazama vijana wa makoti meupe wakitoka wawili wawili wakicheka. Aliwatazama kama mtu anavyotazama wezi.

Kila jioni, mchanga umeshashushwa na upepo umerudi, alimpitia binti zahanati wakaenda kujaza pamoja. Kipimo cha kwanza kilitoa tisa na nusu. Cha pili, kumi kasoro. Binti hakukata tamaa. Huko maabara, alisema, kipimo kimoja ni uvumi, vitatu ndiyo majibu. Wiki hiyohiyo alikuwa akiondoa matairi mabovu ubavuni mwa nyumba na kupima upana wa geti kwa futi kamba. Mzee alimshauri asijichoshe kwa gari litakalorudi dukani.

"Baba, wewe unazika mtu hajafa," binti akamcheka.

Kipimo cha tatu kilitoa tisa. Binti alifuta, akapiga hesabu upya. Ikatoka tisa. Alisimama pale kituoni, na mzee akaona midomo yake ikitetemeka kama alipokuwa mdogo.

"Hakuna mahali ulipokosea, baba?"

Mzee aliitazama pampu.

"Namba ni namba, mama."

Siku ya tano binti alilirudisha gari. Alirudi alasiri kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Mzee alikuwa amechemsha chai na kununua mkate, aibu na furaha zikigombea kifua kimoja. Alimsikiliza akieleza jinsi muuzaji alivyoshangaa, na jinsi mteja mwingine alivyoondoka na gari lile kabla yeye hajamaliza kutia saini.

Mzee alimsogezea sukari.

"Pole, mama. Basi ile kazi, utawaandikia lini kwamba huendi?"

Binti alishusha kikombe.

"Siendi kivipi? Nilishasaini mkataba mwezi uliopita, baba. Leo nimepata chumba kule kwa simu, nahamia Jumapili." Alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Gari lilikuwa la kunirudisha hapa kila jioni."