Kigingi cha Serikali

Bi Wadha alikishika kile kigingi cha chuma kwa mikono miwili, akakivuta. Jua la mji wa Ibra lilikuwa limekipasha moto. Kikamuunguza viganja, wala hakukiachia.

Mpimaji wa serikali alikuwa kampa mgongo, anapima upande wa pili wa mitende yake.

Marehemu babu yake alikuwa akisimulia yaliyomfika baba yake kule Pangani, ng'ambo ya bahari, Wajerumani walipoitwaa pwani. Walianza kwa kupima shamba. Ikaja kodi. Alipokwenda kushitaki, kadhi alimwambia kwamba kesi za ardhi si zake tena. Shamba likaenda.

Kigingi kikachomoka.

"Bibi!" Mpimaji alikwisha geuka. "Astaghfirullah! Hiyo ni alama ya serikali, kuing'oa ni kifungo. Irudishe kabla mkubwa wangu hajafika!"

Lakini gari lilikwisha simama langoni. Mkubwa akashuka, akaliona tundu.

"Nani kaking'oa?"

Mpimaji akainamisha uso.

"Mimi," alisema Bi Wadha. Akaegemea mtende. "Kabla hamjamaliza kupima, nambieni: mkinidhulumu, nikashitaki kwa nani?"

Yule bwana akatoa simu, akawaita polisi.