Sweta ya Bosko

Murugi alikataa kuosha manyoya ya mbwa, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Wakiuru, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaosokota nyuzi pale mtaani Skuta, alimweleza taratibu kana kwamba ni mgeni. Manyoya ya mbwa huoshwa mara mbili kwa maji moto na sabuni, yakikauka yanachanganywa na sufu kidogo ya kondoo, kwa sababu peke yake yanateleza na uzi unakatika. Usipoosha, ukinyeshewa na hiyo nguo utafukuzwa hata kanisani kwa kunuka mbwa. Kina mama wakacheka. Walikuwa wamesokota manyoya ya sungura, ya mbuzi, hata ya paka wa padri, na yote waliyaosha.

"Sufu nitachanganya," Murugi akasema. "Kuosha, hapana."

Walidhani ni majonzi. Bosko, mbwa mweupe wa nyumbani kwake mwenye manyoya marefu, alikufa juma lililotangulia, na Murugi alikuja na foronya mbili zilizojaa manyoya yake. Mengi yalikuwa yale aliyomchana kwa miaka akayaweka bila kujua ni ya nini. Mengine aliyaokota kwenye blanketi alilolalia. Basi wakamwachia gurudumu asokote atakavyo.

Majonzi hakuwa nayo. Angeshukuru kuwa nayo. Tangu mwaka uliopita kifua chake kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na alikuwa ameacha kungoja kiamke. Alichojua ni kwamba Jumatatu ijayo ni kliniki. Daktari alisema Gathogo, mumewe, asipokuwa ameanza kula siku hiyo, atalazwa na kuwekewa mpira wa chakula puani. Na Gathogo hata plasta huing'oa. Wangemfunga mikono kitandani.

Gathogo alikuwa amesahau karibu kila kitu. Alianza na majina, ikafuata njia ya choo, kisha mke. Sasa alimwita Murugi "huyo mwanamke," na Murugi akimkaribia na kijiko, yeye alifumba mdomo na kuficha mikono. Pale sebuleni kulikuwa na picha ya harusi yao, yeye akimtia Murugi kipande cha keki mdomoni, wote wawili wanacheka. Siku moja aliitazama sana, akauliza huyo msichana ni wa nani.

Mbwa hakumsahau. Sahani ikiwekwa mbele yake, Gathogo alimega tonge la kwanza, akalishusha kando ya kiti, Bosko akalila mkononi mwake. Hapo ndipo na yeye alipokula. Mambo yao yalikuwa hayo hata kabla ya ugonjwa, na Murugi aligombana naye miaka na miaka, ati mkono wa kulia, wa kusalimia watu, unalambwa na mbwa. Sasa tonge lilimegwa, likashushwa, likangoja. Halikuchukuliwa. Chakula kilipoa mbele yake, naye akaishi kwa chai.

Walijaribu mbwa mwingine. Tabby, binti yao anayefundisha Murang'a, alileta mmoja mweupe, manyoya yale yale, kimo kile kile. Gathogo aliinama, akamnusa shingoni, akamsukuma na mguu.

Basi Murugi alisokota siku mbili, akafuma siku nne. Alifuma jikoni akichemsha chai, akafuma sebuleni mbali kidogo na kiti cha mumewe ili asimwogopeshe. Mara kwa mara alisimama akajipima kipande alichofuma kifuani, kwa kuwa Gathogo hakukubali kupimwa na mtu.

Jumamosi Tabby akaja. Aliinua sweta, akageuza uso.

"Mami, hii inanuka mbwa."

"Najua."

"Na ni kadogo. Baba amekonda, lakini mabega yake ni ile ile. Haiwezi kumwingia."

"Itatosha," Murugi akasema.

Tabby aliona sasa ana wagonjwa wawili, akaenda jikoni akalia kidogo kabla ya kuponda mukimo wa viazi na mahindi, laini vile baba yake alivyoupenda zamani.

Nje manyunyu ya alasiri yalikuwa yameanza. Murugi alichukua sweta, akatoka nayo uani, akasimama hapo bila mwavuli. Jirani alimwita aingie ndani asije akashikwa na homa. Alimjibu kwamba anaingia sasa hivi, na hakuingia mpaka maji yalipoanza kumtiririka shingoni.

Ndani, Tabby aliweka sahani mezani. Gathogo alimega tonge la mukimo, akalishusha kando ya kiti, akangoja.

Murugi aliingia amevaa sweta mwenyewe, imelowa, inanuka nyumba nzima. Alipiga magoti kando ya kiti, akaweka viganja sakafuni, akainamisha kichwa. Gathogo aliinama, akamnusa shingoni. Vidole vya mkono wake mwingine vikaingia kwenye manyoya, vikatulia humo.

"Na ulikuwa umeenda wapi?" akamwuliza.

Murugi alifungua mdomo, akalila tonge mkononi mwake. Gathogo akampangusa mdomo kwa kidole gumba, akavuta sahani, akaanza kula.