Nyumba Isiyovuja Hata Pumzi

Mgeni alipogonga mlango, Verlyn Tollefson alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha la sebuleni, ameshika kijiti cha udi kinachowaka, amebana pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Alikuwa akiutazama moshi. Ulipanda wima, haukuyumba hata kidogo.

"Ingia tu, pako wazi," aliita, akijiinua kwa kushika goti. "Usiogope, si uganga huu. Naangalia kama nyumba inavuja upepo. Mke wangu anasema hii ndiyo ibada yangu siku hizi."

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, koti zito, nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisema anaitwa Ardis Kettunen, na kwamba miaka tisa alikuwa Arizona akimuuguza dada yake. Amerudi juzi. Akiwa barabarani ameona paa jipya.

"Mimi Verlyn. Basi umekuja kuchungulia," alisema, na moyo ukamchangamka.

Alijijua. Tangu nyumba ikamilike mwezi wa kumi, hakuna aliyekatiza pale ziwani akanusurika kutembezwa ndani, hata mpeleka barua. Miaka thelathini na moja alikuwa amefundisha useremala sekondari, na wanafunzi walimwita Mzee Futi nyuma ya mgongo wake, naye akijifanya hasikii. Mkewe alipenda kusimulia kwamba mtoto wao alipozaliwa, Verlyn alimpima urefu kwanza ndipo akambusu. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini sasa Mzee Futi alikuwa na nyumba aliyoichora na kuijenga kwa mikono yake, miaka miwili, na anayetaka kucheka acheke akiwa kwenye joto.

"Kahawa, dada Ardis?"

"La, usijisumbue."

"Ipo tayari."

"Hapana, sikai."

"Nusu kikombe."

"Haya basi, kama ipo tayari."

Alimmiminia, kisha akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Sikia hiyo. Unene wake ni kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole. Ndani nimeshindilia magazeti makuukuu yaliyosagwa. Nina habari za miaka ishirini humu, na sijasoma hata moja."

Ardis alitabasamu kidogo.

"Madirisha, vioo vitatu vitatu. Januari, nje baridi inapasua miti, mimi nimekaa hapa na fulana na chupi, nakunywa supu. Nilijiona mfalme. Ndipo mke wangu akaniambia wavuvi kule kwenye barafu wananipungia mkono."

Ardis alikuwa amesogea dirishani. Nje barafu ya ziwa ilikuwa imeanza kukatika, na maji meusi yalionekana kandokando. Alitazama kwa muda, kama mtu anayehesabu vitu vyake.

"Hapa palikuwa na msonobari mkubwa," alisema.

"Ulikuwa unaziba jua la kusini. Na jua la kusini ndilo nusu ya joto langu la kipindi cha baridi. Niliukata kwa shingo upande, naapa. Ndiyo meza hii."

Mwanamke alirudi, akaweka kiganja juu ya meza, akakiacha hapo. "Ulikuwa mti mzuri," alisema.

"Ni meza nzuri pia," alijibu Verlyn, na papo hapo akajiona mjinga. Akakimbilia sakafu. "Kanyaga hapa. Unasikia uvuguvugu? Kuna mabomba ya maji chini. Joto lake nalichota mita sitini ardhini. Sichomi kuni wala mafuta. Ardhi yenyewe inatoa bure."

"Ardhi yenyewe," Ardis alirudia polepole. Akanywa kahawa. "Na nani alikupimia?"

"Kupima ukuta? Mwenyewe."

"Kupima kiwanja."

Verlyn alicheka. Hiki ndicho kisa alichokipenda kuliko vyote. "Mpima ardhi aliniambia nisubiri mpaka theluji iishe. Mimi, nisubiri? Nilichukua sepetu, nikafukua theluji siku nzima, mgongo karibu unikatike, mpaka nikakipata chuma cha mpaka. Kutoka hapo nikavuta futi mara tatu. Mara tatu, na zote zikalingana. Wanafunzi wangu wangesema Mzee Futi hawezi kubadilika."

"Chuma hicho ulikikuta upande gani?"

"Upande ule wa jiwe kubwa."

Ardis alitikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyekwisha kujua jibu lakini hapendi kulisema. Aliweka kikombe chini. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza na kuilaza vizuri kwa viganja viwili.

"Kiwanja chako ni namba ngapi, kaka Verlyn?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba ni kile." Alionyesha kwa kidole, kupitia vile vioo vitatu, kwenye matete ambako bata wawili walikuwa wakiogelea. "Hiki ni kumi na sita. Sijawahi kumuuzia mtu."

Verlyn aliitazama karatasi, ramani ya viwanja. Akawatazama bata. Akaitazama tena karatasi, mara ya tatu, na zote zikalingana. Akashika ukingo wa meza.

Ardis akavuta kiti na kumsogezea.

"Karibu kiti, kaka Verlyn," alisema kwa upole. "Jisikie kama uko kwako."