Njia ya Kina Muhsina

Njia ilikuwa nzuri, na Ishak akaandika: haipitiki.

Alikuwa amesimama katikati yake, Kinondo, Ijumaa asubuhi, simu mkononi. Kifusi kipya kilikuwa kimeshindiliwa juzi tu, hata baiskeli haikurukaruka. Miaka miwili alikuwa akizipima njia za Kwale kwa ajili ya ramani ya vijana wa kujitolea: hii nzuri, hii ya wastani, hii mbaya, hii haipitiki. Hakuwahi kudanganya hata shimo moja. Leo alidanganya njia nzima.

Sababu ilikuwa Muhsina, aliyekuwa akipima naye njia hizo. Jana, walipokuwa wakirudi kutoka Bongwe, Muhsina alimwambia huku akichezea ncha ya mtandio:

"Kesho baada ya alasiri wanakuja wazee kwetu. Kuniposa."

"Kheri," alisema Ishak. Kheri gani!

"Huulizi ni wa nani?"

"Ya nini niulize?"

Muhsina alicheka. "Haya, jitie hamnazo. Ila baba unamjua. Siku aliyotoa ni moja. Asiyefika, asirudi tena."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwingia Ishak. Siku moja tu! Wageni wakipotea siku hiyo, huyo bwana, awe nani awe nani, ameondoka. Naye Ishak atapata nafasi ya kusema alichoshindwa kusema miaka miwili. Mtu pekee aliyewahi kumwambia ni mamake, na mama alikuwa akikuna nazi. Aliguna tu, akaendelea kukuna.

Njia ya gari kwenda kwa kina Muhsina ilikuwa hiyo moja. Na tangu masika yalipokwamisha magari kwa siku nne, madereva hawakuingia njia za ndani bila kuitazama ramani. Ami yake Jumbe, kule Vanga, ndiye aliyeipigia debe kuliko wote. "Kaichora mwanetu," huwaambia watu. "Ikisema usipite, usipite."

Adhuhuri alimkuta mamake mchangamfu kupita kiasi.

"Kanzu yako nimeipiga pasi. Na ukitoka msikitini usiende mbali."

"Mbona, mama?"

"Mwana wewe huna dogo! Usiende mbali, basi."

Aliswali Ijumaa asijue imamu alihutubia nini. Alikaa barazani, akainuka, akakaa tena. Mara mbili aliifungua ramani arudishe neno "nzuri", mara mbili akaifunga. Astaghfirullah, aliomba, kisha, bila haya, akaomba wageni wasifike.

Alasiri ilipopita alishindwa kuvumilia. Alipanda baiskeli mpaka Kinondo, akajibanza nyuma ya ua wa makuti. Kwa kina Muhsina majamvi yalikuwa yametandikwa. Babake Muhsina alikuwa amekaa peke yake, kofia mpya kichwani, macho njiani. Njia ilikuwa tupu.

Saa kumi na moja. Saa kumi na moja na nusu. Mzee alisimama, akasema neno moja kuelekea ndani, na majamvi yakaanza kukunjwa. Muhsina alitokeza mlangoni, akaitazama njia, akarudi ndani akiwa ameuziba uso kwa mtandio. Ishak alimwonea huruma, lakini furaha ilimzidi. Kesho atazungumza naye. Wallahi, kesho!

Simu ililia. Ilikuwa ya Ami Jumbe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Simu ya mamako haipatikani, hebu mfikishie wewe. Tulifika njia panda ya Kinondo na wazee, gari mbili. Ramani yako ikatukataza. Dereva alitaka kujaribu, nikamwambia, Ishak wetu hasemi uongo. Tumegeuza, tuko Msambweni sasa. Mamako alitaka usijue mpaka jibu lije, lakini wacha nikwambie tu: posa yako, inshallah, tutaipeleka siku nyingine."